Tumbo la Rungu

Saa nane ya usiku, Kizota, mwezi wa sita.
Upepo unapekua mabati ya karakana
na sisi watatu tumejifunika magunia,
simu ya Yudithi imeegeshwa kwenye kopo la gundi.
Huko wanakocheza, jua bado halijazama.

Mrushaji wetu hayupo leo.
"Kiwiko," anasema Yudithi, muuguzi wa Makole,
na anaukamata mkono wangu kunionyesha mahali penyewe,
kano ipi imechanika, ipi wataikata kwenye kigasha
waipitishe kwenye tundu la mfupa
kama fundi viatu na uzi wake.
Miezi kumi na minne.
Tunanyamaza kama watu waliopigiwa simu na ukoo.
Mtu mwenyewe hajui kama Dodoma ipo.

Bega langu halikupigwa picha.
Lilipata mafuta ya mchaichai na neno "pumzika",
mwaka ule wa kidato cha tatu,
na hadi leo nikinyanyua ndoo
linalia kama bawaba ya geti la shule.

Halafu tunaingia kwenye biashara ya watu.
Wamemtoa mpigaji wa mkono wa kushoto,
wamepewa vijana wawili wasioota ndevu
na mmoja atakayetajwa baadaye.
"Atakayetajwa baadaye!"
Hezroni anacheka hadi randa inamponyoka.
"Hata Msalato, mnadani,
hakuna anayelipia mbuzi atakayetajwa baadaye.
Unamfunua meno kwanza."

Nikamkumbusha Mwalimu Ndahani,
mdakaji wetu, wa pekee,
aliyehamishwa mwezi wa pili kwa barua ya mistari mitano
kwenda Kibakwe, huko milimani.
Sisi hatukupewa hata wa kutajwa baadaye.
Tangu hapo naurushia mpira ukuta wa ghala la mahindi.
Ukuta unarudisha kila kitu
ila haujui kunikaripia.

Lakini Hezroni hakukesha kwa ajili ya mchezo.
Yeye anatazama mbao.
Kila mpigaji akisimama, "ngoja, ngoja,"
anaisimamisha picha kwa kidole chenye vanishi.
Maana wamelibadilisha rungu:
unene haupo tena kwenye ncha,
tumbo limeshuka kuelekea mikononi,
kama chatu aliyemeza kitu
na kitu hakijafika mwisho.
"Babu zangu," anasema, "uzito waliuweka kichwani."
"Babu zako walikuwa wanapiga fisi," anajibu Yudithi.

Ameshajaribu mninga: unapendeza, mzito kama deni.
Mpingo hata usiutaje.
Mkaratusi ulipasuka kwa pigo la pili,
kibanzi kikapita sikioni mwangu kikiimba.
Hili la leo ni mtiki
uliobaki kwenye kitanda cha mteja wa Ilazo
(mteja bado anakiulizia kitanda).
Kerezo linanguruma. Jirani amegonga ukuta mara mbili.
Vumbi la mbao linatua kwenye kioo cha simu
na wachezaji wanakimbia ndani ya vumbi letu.

Raundi ya tisa. Jogoo wa kwanza ameshawika.
Wawili wako kwenye vituo, tunadaiwa pointi mbili.
Mpira unatoka mkononi,
rungu linaanza kuzunguka,
bando linakwisha.

Kiduara kinajizungusha juu ya uso wa mpigaji.
"Nani ana mia tano?"
Hakuna mwenye mia tano.
Hezroni amezima kerezo, ameliinua rungu lake,
bado lina joto, bado halijapigwa msasa,
na bila kujua amesimama vilevile kama yule aliyeganda,
magoti yamekunjwa, kidevu begani,
anasubiri.

Kitochi changu kinatetemeka mfukoni.
Ni Ndahani, kutoka Kibakwe,
ambako mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu
nyuma ya vyoo vya shule:

"Mmeona?"